Kujenga winchi ya gereji ya kuinua na kuhifadhi paa gumu la Jeep Wrangler

Paa gumu la Jeep Wrangler JK ya milango minne (modeli za 2007 hadi 2018) lina uzito wa takriban kilo 60 hadi 70 pamoja na kioo chake cha nyuma. Watu wawili wenye nguvu wanaubeba uzito huo. Taabu iko kwenye umbo. Paa ni pana, halina pa kushika, na ni lazima lipande wima hadi livuke fremu ya chuma ya kinga, ile inayolinda abiria gari likipinduka, ndipo gari liweze kutoka chini yake. Ukilitoa kwa mikono utakwaruza rangi, utachana raba, au utakata nyaya za kioo cha nyuma. Baada ya hapo litakaa sakafuni likila nafasi ya gari zima.

Hapa tunajenga winchi ya mkono yenye nyaya nne. Boriti mbili za chuma hupita chini ya paa, kila ncha ya boriti hubebwa na waya wake, na nyaya zote nne hukutana kwenye winchi moja ukutani. Kwa kuwa zote zinavutwa kwa pamoja na kwa urefu ule ule, paa hupanda likiwa sawa bila kuinama. Shika jambo moja tangu mwanzo: winchi ni ya kuinua tu. Kinachohifadhi ni minyororo minne iliyofungwa darini, isiyotegemea winchi hata kidogo. Ukiacha paa likining'inia miezi mitatu kwa breki ya winchi peke yake, umeacha kilo 70 juu ya vichwa vya watu zikishikwa na kipande kimoja cha chuma.

Pima kwanza, nunua baadaye

Pima kimo cha gari bila paa, yaani sehemu iliyo juu kuliko zote kati ya fremu ya kioo cha mbele na fremu ya kinga. Ongeza kimo cha paa lenyewe, kutoka ukingo wake wa chini hadi mgongoni. Ongeza unene wa boriti, sentimita 4. Kisha ongeza sentimita 25 kwa ajili ya makapi (magurudumu ya mfereji ya kupitishia nyaya) na nafasi ya kupumulia. Jumla hiyo ndiyo dari unayohitaji.

Kwa Wrangler ambayo haijainuliwa springi, jumla hufika karibu na mita 2.7, yaani futi 9. Gereji nyingi za Marekani na Kanada zina dari la futi 8, na hapo mpango huu haukai vizuri. Boriti ya mbele itagonga makapi kabla ukingo wa nyuma haujavuka fremu ya kinga. Kwa dari fupi, tengeneza kigari cha magurudumu cha kuegeshea paa kwa wima, usilazimishe winchi.

Jambo la pili ni mlango wa gereji. Milango ya vipande inayopanda na kulala chini ya dari hufunika nusu ya mbele ya gereji ikiwa wazi. Fungua mlango wote, weka alama ukutani unapoishia, na hakikisha paa likiwa juu litabaki nyuma ya alama hiyo. Mara nyingi hilo linamaanisha gari liingie kinyumenyume, sehemu ya nyuma ikielekea ukuta wa ndani.

Dari: hapa ndipo pa kutumia muda

Jumla ya mzigo, paa pamoja na boriti na vifungo, ni kama kilo 85. Kinachosahaulika ni kwamba kapi linalogeuza waya kwa pembe ya digrii 90 halibebi mzigo huo tu. Linavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na nguvu inayolifikia ni mara 1.4 ya mvuto wa waya. Pale nyaya zote nne zinapogeuka kushuka ukutani, kilo 85 zinakuwa kilo 120, tena zikivuta kwa mshazari. Kila kifungo cha darini kihesabiwe kwa angalau mara tano ya mzigo wake.

Kwenye nyumba za mbao za Amerika Kaskazini, angalia kwanza kama juu kuna maboriti mazima au kenchi zilizounganishwa kwa bati za meno. Maboriti mazima yanakubali skrubu kubwa za mbao za milimita 10 (inchi 3/8). Toboa kwanza tundu la milimita 6 katikati kabisa ya boriti, kisha skrubu izame ndani ya mbao angalau sentimita 6. Silingibodi haibebi kitu, kwa hiyo unene wake usiuhesabu.

Kenchi ni habari nyingine. Mbao yake ya chini imepigiwa hesabu ya kubeba silingibodi na uzito mdogo, na kuitoboa kunaidhoofisha pale pale inapovutwa. Usitoboe. Panda darini, laza mbao mbili za inchi 2x6 zilizopigiliwa pamoja, zisimame kwa ubavu wake mwembamba, zikikatiza juu ya kenchi zisizopungua nne. Kenchi zikiwa zimeachana kwa sentimita 60, mbao ya mita 2.4 inatosha. Boliti yenye pete ipite ndani ya mbao hiyo, ishuke kwenye nafasi iliyo kati ya kenchi mbili, itokeze chini ya silingibodi. Kwa namna hii kenchi zinakandamizwa kutoka juu, hakuna tundu lolote, na mzigo umegawanyika. Utahitaji mbao mbili za namna hii, moja kwa kila jozi ya makapi, na ya tatu juu ya ukuta wa winchi. Kama kenchi zimepinda, zimepasuka au zina tundu la zamani, mwite mhandisi kabla ya kuendelea.

Kwa walioko Muscat, Dubai, Mombasa au Dar es Salaam, gereji mara nyingi ina slabu ya zege, na kazi ni nyepesi zaidi: boliti za kutanuka za milimita 10, tundu lililosafishwa vumbi kwa kupulizwa, na kukaza kwa spana ya kipimo. Hatari iko kwenye slabu za matofali ya matundu. Ukiligonga tofali kwa nyundo linalia kwa uwazi, na boliti itatanuka ndani ya hewa. Tafuta ubavu wa zege ulio kati ya matofali. Gereji ya kenchi za mabati mepesi haifai kabisa. Huko jenga fremu ya chuma inayosimama sakafuni.

Vifaa

- Winchi ya mkono ya kilo 450, yenye breki ya kujishika yenyewe: 1
- Makapi ya gurudumu la milimita 75, yenye shingo inayozunguka, ya kilo 200 kila moja: 8
- Waya wa chuma uliosukwa wa milimita 3, wa aina laini yenye nyuzi nyingi, usiokatika chini ya kilo 500: mita 35
- Waya wa milimita 5 wa winchi: mita 3
- Klipu za waya zenye umbo la U: 16 za milimita 3, na 2 za milimita 5
- Vijipete vya mfereji vinavyokaa ndani ya kitanzi cha waya: 9
- Vikazio vya waya vya M8, vyenye skrubu pande zote mbili: 4
- Bamba la chuma la kuunganisha nyaya nne na waya wa winchi, sentimita 15 kwa 8, unene wa milimita 6, lenye matundu matano: 1
- Shakeli za U: 5 za bamba, na 4 za kufungia vikazio kwenye boriti
- Bomba la mraba la 40 x 40, unene wa milimita 3, urefu wa mita 1.9: 2
- Boliti zenye pete za M10, zilizofuliwa na zenye bega: 4 za boriti, na nyingine za dari kulingana na dari lako
- Minyororo ya milimita 5 yenye uzito wa kazi ulioandikwa, vipande vinne, pamoja na kulabu zenye ulimi
- Mikanda miwili ya kufungia mizigo, na mpira wa ndani wa tairi kuukuu wa kufungia boriti

Mambo mawili hapa si ya kubana matumizi. La kwanza ni winchi. Zile za bei rahisi za kuvutia boti kwenye trela zina ulimi unaobana meno, hazina breki. Kushusha, ni lazima uinue ulimi, na papo hapo uzito wote unakuwa mkononi mwako. Mpini ukikuponyoka unazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono, na paa linaanguka. Winchi yenye breki husimama pale pale unapoacha mpini, iwe unapandisha au unashusha. La pili ni boliti zenye pete. Zile zilizotengenezwa kwa waya uliokunjwa hufunguka taratibu zikivutwa kwa mshazari. Nunua zilizofuliwa kwa kipande kimoja, zenye bega linalokaa bapa.

Winchi za umeme zinafanya kazi, lakini huanza kwa mshtuko na huwezi kuhisi paa linaponasa. Kwa mkono, raba iliyoganda au waya uliosahaulika unausikia kwenye mpini kabla haujakatika.

Kuweka alama na kufunga makapi

Egesha gari pale paa litakapohifadhiwa, lisimame sawa, na uchore alama za magurudumu sakafuni. Amua boriti mbili zitakaa wapi. Ya nyuma hupita chini ya pembe za nyuma za paa, juu ya ukingo wa bodi. Ya mbele hupita chini ya ukingo wa mbele wa paa, pale vinapoishia vile vipande viwili vya mbele vya paa vinavyotolewa peke yake, juu ya fremu ya kinga. Pima upana wa paa, ongeza sentimita 10 kila upande: hapo ndipo pete za boriti zitakapokuwa. Sasa ning'iniza timazi kutoka darini hadi ncha yake iguse kila moja ya sehemu hizo nne, na uweke alama juu. Usikadirie kwa macho. Alama ikikosea kwa sentimita 15, waya unavuta kwa mshazari na paa huanza kubembea mara tu linapoachana na gari.

Makapi manne ya pembeni yafungwe kwenye alama hizo. Makapi manne ya kukusanyia yapangwe kwenye mstari mmoja juu ya winchi, karibu na ukuta. Kila waya unatoka kwenye boriti, unapanda hadi kapi la pembeni, unalala chini ya dari hadi kapi la kukusanyia, kisha unashuka ukutani hadi kwenye bamba. Shingo ya kapi ni lazima izunguke kwa uhuru ili gurudumu lielekee waya. Kapi lililokazwa vibaya huufanya waya upande ukingo wa gurudumu na kujibana pembeni, na hapo nyuzi zake zinaanza kukatika moja moja.

Winchi ifungwe kwenye nguzo ya ukuta au zege, kimo cha kifua, kwa boliti nne. Kumbuka inavutwa kwenda juu. Bamba lianze chini kidogo ya makapi boriti zikiwa chini kabisa, na libaki na sentimita 20 juu ya winchi boriti zikiwa juu kabisa. Safari yake ni kimo cha paa na kidogo zaidi, karibu sentimita 70 hadi 75. Acha mizunguko isiyopungua mitatu ya waya kwenye pipa la winchi hata boriti zikiwa chini.

Vitanzi vya waya

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika. Pindua waya kuzunguka kijipete cha mfereji, ukiacha mkia wa sentimita 9. Klipu ina sehemu mbili: U na kikalio. Kikalio kikae upande wa waya unaobeba mzigo, na U ikae upande wa mkia. Ukigeuza, U inauponda waya unaobeba, na huwezi kuona uharibifu mpaka siku utakapokatika. Weka klipu mbili kila kitanzi, ya kwanza karibu na mwisho wa mkia, ya pili karibu na kijipete. Kaza nati kwa zamu. Waya mpya hunyooka na kuwa mwembamba ukibeba mzigo mara ya kwanza, kwa hiyo kaza nati zote tena baada ya jaribio.

Nyaya za mbele zitakuwa fupi kuliko za nyuma, kwa sababu boriti ya mbele inakaa kwenye kimo cha mgongo wa paa na ya nyuma kwenye kimo cha bodi. Kata kila waya kwa kipimo chake. Vikazio vya M8, vilivyofungwa kwenye boriti, ni vya kurekebisha sentimita chache za mwisho tu.

Boriti zifungwe mpira wa tairi mahali pote zinapogusa paa, na ncha za bomba zizibwe. Boliti zenye pete zipite katikati ya bomba hadi upande wa pili, ziwe na washa pana na nati ya kujifunga.

Jaribio bila paa

Ning'iniza mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 kwenye boriti mbili, uzito ukigawanyika sawa, inua sentimita 30, uache hadi kesho yake. Chora mstari wa penseli kuzunguka kila boliti ya darini kabla ya kuanza. Asubuhi angalia kama boliti imeachana na mstari, kama silingibodi imepasuka, kama bamba limepanda. Kama kuna dalili hata moja, shusha na utafute sababu.

Kutoa paa

Toa kwanza vipande viwili vya mbele kwa kufungua lachi zake. Fungua mlango wa nyuma na kioo cha nyuma. Kwenye kona ya ndani ya nyuma, upande wa kushoto, utakuta plagi ya nyaya za waipa na joto la kioo, pamoja na mpira wa maji ya waipa. Chomoa vyote viwili, uvifunge juu kwa utepe visining'inie. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo ghali.

Sasa boliti. JK ya milango minne ina nane: mbili juu karibu na milango ya mbele na sita kwenye kingo za bodi, tatu kila upande. Tumia bisibisi ya nyota T-40. Wrangler JL, kizazi kilichofuata, iliyokuja na modeli ya 2018, hutumia T-50. Sukuma bisibisi izame kabisa kabla ya kugeuza, maana nyota ikilika, boliti hiyo itatolewa kwa drili. Zitie kwenye mfuko mmoja, uufunge kwenye winchi.

Raba ikikaa muda mrefu hushikana na rangi. Pitisha kadi ya plastiki taratibu pale ilipoganda, usivute kwa winchi ili kuiachanisha. Watu wawili wainue nyuma ya paa sentimita 6 hadi 8, boriti ipite, paa lilale juu yake. Fanya hivyo hivyo mbele, milango ikiwa wazi. Funga nyaya nne kwenye boriti, zungusha winchi hadi zikaze tu, kisha urekebishe vikazio mpaka zote zinalia sawa zikigongwa kidole. Pitisha mkanda juu ya paa kwenye kila boriti lisiteleze. Shusha kioo cha nyuma na kukifunga kwa kamba laini, kwa kuwa lachi yake imebaki kwenye gari.

Inua sentimita 5, simama. Zunguka gari lote. Angalia kona nne, nyaya za umeme, raba. Endelea sentimita 20, simama tena. Likishavuka fremu ya kinga kwa sentimita 5 au zaidi, funga minyororo minne kutoka darini hadi kwenye boriti, kisha shusha winchi kidogo mpaka minyororo ibebe na nyaya zilegee. Usimwache mtu apite chini kabla minyororo haijabeba. Ndipo gari litoke, polepole, mtu mmoja akitazama nafasi iliyo juu.

Paa likiinama upande mmoja likiwa hewani, sababu huwa moja kati ya tatu: kikazio kimelegea, waya umeruka gurudumu la kapi, au mkanda umeteleza na paa limesogea juu ya boriti. Rudisha chini urekebishe. Usijaribu kulisukuma kwa mkono likiwa juu. Nyuma ya paa ni nzito zaidi kwa sababu ya kioo, kwa hiyo nyaya za nyuma kubana kuliko za mbele ni kawaida.

Kila baada ya miezi sita pitisha kitambaa cha pamba kwenye nyaya zote. Kikinasa uzi uliokatika, badilisha waya mzima. Nati za klipu zikazwe tena, na makapi yatiwe tone la mafuta kwenye ekseli.

Kurudisha

Futa vumbi kwenye raba na kingo za bodi, kwa sababu mchanga uliobanwa hapo unakula rangi na kuleta uvujaji. Inua kidogo, fungua minyororo, ingiza gari hadi alama ulizochora sakafuni, shusha. Zikibaki sentimita 8, boriti zitolewe moja moja kama zilivyoingia. Anza boliti zote nane kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mapema, nyingine hazitapata tundu lake na utaharibu nyuzi. Kaza mbili za mbele kwanza, kisha za pembeni kwa zamu, kwa mkono. Drili ya kugonga hung'oa nati zilizo ndani ya paa.

Rudisha plagi na mpira wa maji, jaribu waipa ya nyuma, funga vipande vya mbele, kisha mwagia maji kwa mpira dakika chache mtu akiwa ndani. Maji yakidondoka kwenye kona ya mbele juu ya dirisha, legeza boliti mbili za mbele, rudisha vipande vya mbele vikae bapa, ukaze upya.